Pale Programu ya Usanifu Inapoishia: Mwongozo wa Kuandaa Michoro ya Karakana ya Chuma

Vijana wanaokuja kujifunza uchoraji wa miundo ya chuma katika karakana za Kisumu na Nakuru, wengi wao wakiwa wametoka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro au vyuo vya ufundi vya kanda hii, huuliza swali lile lile: ikiwa programu ya kukokotoa miundo, kama ETABS au STAAD.Pro, imekwisha kukagua kila boriti na kila nguzo na kuonyesha kwamba zinatosha, ni kazi gani iliyobaki zaidi ya kubonyeza kitufe cha kutoa michoro? Kazi iliyobaki ni kubwa, na sehemu yake kubwa ndiyo inayoamua kama jengo litasimama. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayepokea modeli ya mhandisi kwa mara ya kwanza na kutakiwa kuigeuza iwe michoro ambayo fundi anaweza kukatia, kutobolea na kuchomelea chuma.

Katika maelezo yanayofuata, neno kipande lina maana ya boriti, nguzo, au fito yoyote ya kenchi, na neno kiungo lina maana ya mahali vipande viwili au zaidi vinapokutana.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ripoti ya hesabu na michoro ya mhandisi, vyote vya toleo moja. Ikiwa tarehe hazilingani, usianze mpaka upate jibu.
- Jedwali la kani za ncha za kila kipande, likiwa limetenganishwa kwa kila mchanganyiko wa mizigo (kwa mfano uzito pamoja na upepo). Jedwali la viwango vya juu pekee halikutoshi, kwa sababu utakayoisoma katika hatua ya tatu.
- Jina la kiwango kilichotumika, ama BS 5950 (cha zamani cha Uingereza) ama Eurocode 3 (cha Ulaya), pamoja na ahadi ya mhandisi kwamba viungo navyo vitasanifiwa kwa kiwango hicho hicho.
- Orodha ya saizi za chuma zinazopatikana kwa wauzaji wako wiki hii, pamoja na urefu wa kila fito. Tyubu za mraba huuzwa mara nyingi kwa urefu wa mita 6.
- Maelezo ya karakana itakayotengeneza: ukubwa wa mashine ya kutobolea, uzito ambao winchi inaweza kuinua, na urefu wa uwanja.
- Mhandisi aliyesajiliwa ambaye atayajibu maswali yako kwa maandishi.

Nadharia unayoihitaji ni fupi. Programu ya hesabu huviona vipande kuwa ni mistari isiyo na unene, inayokutana katika nukta zisizo na ukubwa. Ili hesabu iende, mhandisi huiambia programu mambo kadhaa kuhusu nukta hizo: hapa pamebana, hapa panazunguka, hapa pamezuiwa kwenda kando. Kila moja ya dhana hizo ni deni, na mchoro wako ndio unaolilipa kwa bamba, bolti au mchomeleo.

Hatua ya 1: Soma dhana za modeli kabla ya kusoma kani zake

Fungua modeli yenyewe ikiwa umepewa ruhusa. Ikiwa hukupewa, muombe mhandisi akutolee orodha ya ncha zilizoachiliwa kuzunguka, orodha ya mahali vipande vinapodhaniwa kuzuiwa visiyumbe, na urefu uliotumika katika kukagua mnyumbuko (kupinda kando kwa kipande kinapogandamizwa) wa kila kipande. Kisha chukua kalamu nyekundu na, kwa kila kizuizi kilichodhaniwa, tafuta katika michoro ni chuma gani kinachokifanya kizuizi hicho kiwe kweli. Usipokipata, andika swali.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na sababu yake inaeleweka: ni kazi ya kusoma, na kijana anataka kuchora. Hata hivyo, nawasihi msiiruke. Miaka kadhaa iliyopita tulichora ghala la mpunga upande wa Ahero, lenye kenchi za upana wa mita 18. Katika modeli, fito ya chini ya kenchi ilikuwa imewekewa alama kwamba imezuiwa kwenda kando kila baada ya mita 3. Mhandisi aliiweka alama hiyo kwa sababu paa la mabati ni jepesi, na upepo wa dhoruba zinazotoka ziwani unapolivuta paa kwenda juu, fito ya chini, ambayo kwa kawaida huwa katika mvuto (yaani inavutwa), hugeuka ikawa katika mgandamizo na kutaka kupinda kando. Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini alama katika programu haina uzito, haina bei, na haitokei katika orodha ya vifaa. Michoro ya mhandisi haikuonyesha fito za kuunganisha kenchi na kenchi upande wa chini, na sisi hatukuuliza. Kenchi sita zilikuwa zimekwisha kusimama, mabati yakiwa bado chini, ndipo msimamizi wa mafundi alipoisukuma fito ya chini kwa mkono ikatetereka. Tyubu zilizokosekana zilichomelewa juu kwa juu, mchomeleaji akiwa ameinua uso, na huo ni mchomeleo mgumu na wa hatari kuliko ule ambao ungefanyika chini karakanani.

Sisi tuliligundua kosa hilo mapema. Huko Hartford, nchini Marekani, paa la chuma la ukumbi mkubwa lililosanifiwa kwa msaada wa kompyuta lilianguka alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978 likiwa limebeba theluji, saa chache baada ya maelfu ya watazamaji wa mpira wa kikapu kuondoka. Miongoni mwa mambo yaliyobainika ni kwamba fito za juu zilidhaniwa katika hesabu kuwa zimezuiwa katikati ya urefu wake, ilhali viungo vilivyojengwa, ambamo mistari ya vipande haikukutana katika nukta moja, havikuweza kuzizuia ipasavyo.

Hatua ya 2: Linganisha mihimili na alama za kani

Mhimili hapa ni mstari wa kufikirika ambao kipande hupinda kuuzunguka, na programu hazikubaliani kuhusu majina ya mihimili hiyo. Eurocode 3 huita mhimili wenye nguvu wa boriti y-y, STAAD.Pro huuita z. ETABS huuita 3. Kwa hiyo momenti (nguvu ya kupinda) kubwa ya boriti ile ile huandikwa My mahali pamoja, Mz mahali pengine na M3 kwingineko. Chagua boriti moja rahisi yenye mzigo uliosambaa sawasawa, ikokotoe kwa mkono, kisha utafute jibu lako katika jedwali. Safu utakayolikuta ndiyo safu ya mhimili wenye nguvu. Fanya vivyo hivyo kwa alama ya kutoa na kujumlisha, ili ujue kama mvuto umeandikwa kuwa chanya au hasi.

Hatua ya 3: Tafuta kani ambazo programu haikuziandika

Kuna kani tatu zinazopotea mara kwa mara, na ni wajibu wako kuziulizia.

Ya kwanza ni kani ya mhimili, yaani inayovuta au kugandamiza boriti kwa urefu wake, ndani ya boriti za ghorofa. Mhandisi akiiambia ETABS kwamba sakafu ni ngumu kabisa na nukta zake zote husogea pamoja, boriti zilizo ndani ya sakafu hiyo haziwezi kurefuka wala kufupika katika modeli, na kwa sababu hiyo jedwali huonyesha kani ya mhimili kuwa sifuri. Upepo unapolisukuma jengo, kani hiyo ipo, nayo hupita katika boriti hizo ikielekea kwenye mishazari inayolikaza jengo. Ukiona sifuri katika boriti inayokutana na mshazari, usiiamini.

Ya pili ni momenti inayotokana na kiungo kuwa mbali na katikati ya nguzo. Tuseme boriti inaegemea upande wa flanji (bamba la ubavuni) ya nguzo ya UC 203x203, yenye umbo la H, kwa kani ya kilonyutoni 120. Katika modeli, mstari wa boriti unafika katikati ya nguzo, na momenti ni sifuri. BS 5950 inataka mzigo huo uchukuliwe kuwa uko milimita 100 nje ya uso wa nguzo, yaani takriban milimita 200 kutoka katikati, na hilo linaleta momenti ya takriban kilonyutoni-mita 24 ambayo nguzo lazima iibebe. Muulize mhandisi kama aliijumlisha.

Ya tatu hujificha katika jedwali la viwango vya juu. Programu hukuletea mgandamizo mkubwa kuliko wote, kani kubwa ya upande kuliko zote na mvuto mkubwa kuliko wote, lakini kila kimoja kimetoka katika mchanganyiko wake wa mizigo. Kwa bolti za msingi, hali mbaya zaidi mara nyingi ni ile ambayo upepo unaiinua nguzo na wakati huo huo kuisukuma kando, na hali hiyo haionekani katika mstari mmoja wa jedwali hilo. Ndiyo sababu uliomba jedwali lililotenganishwa.

Hatua ya 4: Badilisha saizi za maktaba ziwe saizi za soko

Maktaba ya programu imejaa saizi ambazo hutazikuta Nakuru wala Kisumu. Ukibadilisha, mabadiliko yote yapitie kwa mhandisi, hata yale yanayoonekana kuwa ya kujiongezea nguvu. Boriti za umbo la I za UB 203x133x25 na IPE 200 zinakaribiana kwa kina, lakini flanji ya kwanza ina upana wa milimita 133 na ya pili milimita 100, na safu mbili za bolti zilizopangwa kwa ajili ya ile ya kwanza hazitakaa vizuri katika ile ya pili.

Programu inayochagua saizi yenyewe hupenda pia kukupa saizi tofauti kwa kila boriti ili kuokoa kilo chache. Muombe mhandisi azipange katika makundi machache. Uzito utaongezeka kidogo, na karakana itapunguza makosa mengi.

Hatua ya 5: Hamisha jiometri, kisha uipime upya

Unapohamisha modeli kwa faili ya IFC (muundo wa faili unaosomwa na programu nyingi) kwenda programu ya kuchora kama Tekla Structures au Advance Steel, tarajia kupokea mistari na majina ya saizi, na usitarajie kupokea kila kitu kingine. Jina la saizi likiandikwa tofauti katika programu mbili, kipande huja bila umbo au huja na umbo lisilo lake. Hesabu vipande katika modeli zote mbili, kwa kila saizi, na ulinganishe.

Kisha angalia vimo. Modeli nyingi huweka boriti zote za ghorofa kwenye kimo kimoja, mstari ukipita katikati ya kina cha boriti; fundi anahitaji sehemu za juu za boriti zilingane ili sakafu ikae. Boriti yenye kina cha milimita 305 na ya milimita 203 zikibaki kama zilivyo katika modeli, sehemu zake za juu zitatofautiana kwa takriban milimita 50.

Urefu nao ni wa kuhesabiwa upya. Kati ya mistari ya katikati ya nguzo mbili za UC 203x203 kuna milimita 6000, na modeli inasema boriti ni milimita 6000. Ukitoa unene wa nguzo, milimita 203, na nafasi ya milimita 10 kila upande, boriti inayokatwa ni milimita 5777.

Hatua ya 6: Sanifu kiungo chenyewe

Hapa ndipo programu ya hesabu inapokuacha kabisa. Zipo programu za viungo, kama IDEA StatiCa, na zipo sehemu za viungo ndani ya programu kubwa, lakini nyingi za sehemu hizo zinajua viungo vya kawaida tu: boriti iliyonyooka kwenye nguzo iliyonyooka. Boriti inayokuja kwa mshazari, au kiungo cha kenchi chenye vipande vitano, utakisanifu kwa mkono au utampelekea mhandisi.

Anza kwa kuuliza kama bolti inaingia. Chukua mshazari wa chuma cha pembe cha 50x50x6, ambao programu imeupitisha kwa mvuto. Bolti ya M20, yaani yenye kipenyo cha milimita 20, inahitaji tundu la milimita 22, na Eurocode 3 inadai umbali wa angalau mara 1.2 ya tundu kutoka katikati yake hadi ukingoni, yaani milimita 26.4. Upande wa ndani, unene na mviringo wa kona huchukua milimita 13, na nusu ya washa (kiringi cha chini ya bolti) ni milimita 18.5, kwa hiyo katikati ya tundu haiwezi kuwa karibu na kona kuliko milimita 31.5. Zinabaki milimita 18.5 upande wa ukingo, na hazitoshi. Kwa M16, hesabu hiyo hiyo inakuachia milimita 22 pale ambapo 21.6 zinatakiwa, nayo inaingia kwa shida. Programu haikuwahi kuuliza swali hili.

*Onyo kuhusu tyubu.* Kenchi za tyubu ndizo nyingi katika kanda yetu, na ndizo zinazodanganya zaidi. Programu hukagua tyubu kama kipande, si ukuta wa tyubu pale tyubu ndogo inapoukandamiza au kuuvuta. Tyubu ya 100x100x3 inaweza kuonekana imetumia nusu tu ya uwezo wake, huku uso wake ukibonyea kwenye kiungo na tyubu ya 50x50. Sehemu ya viungo ya Eurocode 3, yaani EN 1993-1-8, ina kanuni za kukagua jambo hili, lakini kanuni hizo hazikuandikwa kwa tyubu zenye unene chini ya milimita 2.5. Tyubu za milimita 1.5 na 2 zinazojaa madukani ziko nje ya kanuni hizo, na kwa maoni yangu hazifai kuwa fito kuu za kenchi yoyote inayobeba paa la watu.

*Onyo kuhusu mchomeleo.* Eurocode hupima mchomeleo kwa koo lake, yaani umbali mfupi kutoka kona ya ndani hadi uso wa mchomeleo, ilhali mafundi wengi na michoro mingi hupima kwa mguu, yaani upande wa mchomeleo unaogusa chuma. Mguu wa milimita 6 una koo la milimita 4.2 tu. Ikiwa programu imesema 6 kwa maana ya koo na wewe ukaandika 6 kwa maana ya mguu, umepunguza mchomeleo kwa takriban asilimia 30. Andika katika kila mchoro ni kipimo kipi.

Hatua ya 7: Mpe fundi nafasi ya mkono

Kwa kila bolti, jiulize spana itaingilia wapi na itazungukia wapi. Kwa kila mchomeleo, jiulize elektrodi itafika kwa pembe gani. Boriti mbili zinapokutana pande mbili za webu (bamba la katikati) ya nguzo na kutumia bolti zile zile, fundi hulazimika kuzilegeza bolti za boriti ya kwanza ili kuipachika ya pili, na kwa dakika hizo boriti ya kwanza haishikiliwi na kitu. Weka kikalio cha chuma cha pembe chini ya boriti, au upishanishe bolti ili angalau moja ibaki imekazwa.

Hatua ya 8: Kata kwa ajili ya lori na zinki

Kenchi ya mita 18 iliyo kipande kimoja katika modeli haitatoka Nakuru kwenda Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho ikiwa kipande kimoja. Chagua mahali pa kuikata, na umuulize mhandisi kani zilizopo mahali hapo, kwa maana programu haikujua kwamba patakuwa na kiungo. Ikiwa chuma kitazamishwa katika zinki, toboa matundu ya kupumulia katika kila tyubu iliyozibwa. Joto la zinki iliyoyeyuka ni takriban nyuzi 450, na hewa au maji yaliyofungiwa humo yanaweza kuipasua tyubu na kuwaumiza watu.

Hatua ya 9: Rudisha michoro kwa mhandisi

Orodhesha kila kitu ulichobadilisha na uombe idhini ya maandishi, hata kama badiliko ni la kurahisisha kazi tu. Tarehe 17 Julai 1981, njia za kutembelea zilizoning'inizwa ndani ya hoteli moja huko Kansas City zilianguka na kuua watu 114. Usanifu wa mwanzo ulikuwa na vyuma virefu vya kuning'inizia vilivyopita moja kwa moja katika njia mbili, ya juu na ya chini. Katika hatua ya michoro ya karakana, kila chuma kiligawanywa viwili, kwa kuwa hivyo ni rahisi kutengeneza. Badiliko hilo liliufanya mzigo kwenye kiungo cha boriti ya juu kuwa mara mbili, na hakuna aliyekikokotoa kiungo kipya.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Jumla ya kani za msingi hailingani na uzito wa jengo.* Kagua kwanza kama uzito wa chuma chenyewe uliwashwa katika programu, kisha ukumbuke kwamba modeli haina bamba wala bolti. Chuma kina uzito wa kilo 7850 kwa kila mita ya ujazo; pima mabamba yako na umpe mhandisi jumla yake.

*Boriti haiingii kati ya nguzo.* Mara nyingi urefu ulichukuliwa kutoka kwenye mistari ya modeli. Usikubali ikatwe kwa gesi juu ya jengo kabla ya kujua umbali wa bolti hadi ukingoni utakaobaki.

*Matundu ya bamba la kitako hayakutani na bolti za zege.* Bolti zilizomwagiwa zege husogea. Chora matundu ya bamba yakiwa makubwa kuliko bolti kwa takriban milimita 6, pamoja na washa nene, na uache nafasi ya mota ya saruji chini ya bamba. Ikiwa bolti imehama zaidi ya hapo, usiipinde kwa nyundo, mpigie mhandisi.

*Modeli imebadilishwa baada ya michoro kutoka.* Usiihamishe modeli yote upya juu ya kazi yako, kwa sababu itafuta viungo ulivyokwisha kuchora. Omba orodha ya vipande vilivyobadilika, virekebishe kimoja kimoja, upandishe herufi ya toleo katika kila mchoro ulioguswa, na uichukue karakanani nakala ya zamani kwa mikono yako mwenyewe.